Vuli Simiyu: Mambo 5 ya kufanya na watoto nje ya nyumba

Mvua za vuli mkoani Simiyu kwa kawaida hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Bariadi hadi Meatu vumbi linatulia, nyasi zinachipua na wadudu wanatoka. Kwa mtoto huu ni muda mzuri wa kujifunza mazingira, tena bila gharama.

1. Kupima mvua
Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kila asubuhi mtoto apime maji kwa rula, aandike kwenye daftari, kisha amwage. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba.

2. Kuhesabu ndege
Wakati huu baridi inaingia Ulaya, hivyo korongo weupe na mbayuwayu huhamia Afrika. Korongo hushuka mashambani kula panzi na viwavi. Wahesabiwe tu, manati ibaki nyumbani.

3. Kuchunguza ua la mbuyu
Maua ya mbuyu ni makubwa na meupe. Hufunguka jioni, na popo husaidia kuyachavusha usiku. Asubuhi mtoto aokote yaliyoanguka, ayapasue na kuyachora.

4. Kusubiri kumbikumbi
Baada ya mvua za mwanzo kumbikumbi huruka kutoka vichuguuni na kufuata taa. Mtoto aangalie jinsi wanavyoangusha mabawa. Wakishakusanywa, wanakaangwa na kuliwa. Asiingize mkono kwenye tundu la kichuguu, humo nyoka hujificha.

5. Kufinyanga ng'ombe
Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unafinyangika vizuri. Mtoto atengeneze ng'ombe, zizi na mchungaji, kisha avianike kivulini. Juani vitapasuka.

Tahadhari kwa wazazi
Hatari kubwa ni maji. Malambo na mashimo yaliyochimbwa mchanga au udongo hujaa ghafla, na kina chake hakionekani kwa juu. Mtoto asiende huko bila mtu mzima, hata kama anachunga. Maji yaliyotuama pia yanaweza kuwa na kichocho.

Ngurumo zikianza, mtoto aache kila kitu, aingie ndani ya nyumba. Chini ya mti si mahali pa kujikinga na radi.

Kwa vijiji vilivyo jirani na hifadhi, uliza kwanza kama tembo wameonekana. Kama wapo, mchezo uwe uani siku hiyo.