Mstari Ugawao Karatasi

Wasomaji wetu, wengi hudhani kuwa hesabu ni elimu ya mambo yaliyo sawasawa tu. Lakini nyumbani mwetu mambo mengi hayalingani, tunasema tu, “kisipungue hiki,” na “kisizidi kile.” Mambo hayo nayo yana alama zake na historia yake.

Alama za “kubwa kuliko” na “ndogo kuliko” zilipigwa chapa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, aliyefariki miaka 10 kabla yake. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes akatoa kitabu kuonyesha jinsi hesabu na michoro zinavyoungana. Kwa kazi hizo mbili twaweza kuyachora yasiyolingana.

Tuseme mama ana shilingi 12. Kibaba cha maharage ni shilingi 2, cha mahindi shilingi 1. Twapima maharage kwenda kulia, na mahindi kwenda juu. Kisha twaunga maharage 6 na mahindi 12 kwa mstari. Upande mmoja fedha yatosha, upande wa pili haitoshi. Ni upi? Twajaribu nukta moja: asiyenunua kitu hapungukiwi na fedha, basi upande wenye sifuri ndio ufaao. Tena jamaa yake yahitaji vibaba visivyopungua 8. Twaunga maharage 8 na mahindi 8. Hapa sifuri haitoshi, basi upande wa mbali ndio ufaao. Pande hizo mbili zapatana katika pembetatu, na ndani yake mna kila ununuzi uwezekanao. Akitaka maharage mengi kabisa, jibu li katika pembe yake: maharage 4 na mahindi 4.

Mwaka 1945 Mmarekani George Stigler alitafuta chakula cha bei ndogo kabisa kimtoshacho mtu mwaka mzima. Vyakula vilikuwa 77, na mahitaji ya mwili 9. Karatasi haichukui mchoro huo. Kwa kukisia kwa busara alipata dola 39.93, kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947 George Dantzig alivumbua njia ya kuhesabu kwa kuiendea pembe moja baada ya nyingine; makarani 9 walipoijaribu, walipata dola 39.69. Tofauti ni senti 24 tu!

Hata hivyo Stigler hakumshauri mtu yeyote kula hivyo, maana yalikuwa unga, kabichi na maharage siku zote. Mstari hutenga yale tu tuliyoyaandika. Utamu na desturi havikuandikwa. Basi tuyataje mahitaji yetu yote kwanza, ndipo tuchore.