Tangu Azimio la Arusha hadi leo: nani humpekua anayeomba kura?

Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Aliyeikabidhi ni Angellah Kairuki, waziri aliyekuwa akishughulikia utumishi. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Rais akaagiza waondolewe kwenye orodha ya mishahara, na wanaojijua waachie ofisi kabla ya Mei 15, la sivyo mkono wa sheria uwafikie.

Kundi moja halikuguswa na uhakiki ule: wanasiasa. Serikali ilieleza kwamba kazi yao haidai cheti. Inadai kujua kusoma na kuandika tu. Wengi walikasirika, lakini kisheria maelezo yalikuwa sahihi. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka anayeomba ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Anazuiwa, pamoja na mambo mengine, na hukumu za mahakama kwa makosa ya kukosa uaminifu. Upekuzi wa vyombo vya usalama haumo. Kwa hiyo karani wa masjala ya siri hupekuliwa ndipo akabidhiwe jalada, ilhali mbunge anayekaa katika kamati inayoshughulikia ulinzi na usalama aliingia kwa kura peke yake.

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia, swali la kuwapekua wanasiasa huibuka kana kwamba ni jipya. Ukweli ni kwamba nchi zetu, Tanzania na Kenya, zimewahi kuwapekua, tena kwa ukali. Mwenye kutaka upekuzi huo urudi hana budi kwanza kuangalia ulivyofanya kazi.

Chama kikiwa mlangoni

Tanzania Bara ilipoingia katika mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, ubunge ulianza kuombwa ndani ya chama tawala, TANU. Waombaji walijieleza mbele ya mkutano mkuu wa wilaya, wakapigiwa kura, kisha majina yakapelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Wawili walirudishwa kwa wananchi, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine nyumba. Uchaguzi wa mwaka ule haukuwa wa maonyesho: Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alibwagwa. Lakini aliyekatwa jina na Halmashauri Kuu hakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na pamoja nalo masharti ya uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Haya yaliwahusu wabunge na mawaziri sawasawa na wakuu wa mashirika ya umma. Kwa mara ya kwanza mwanasiasa aliulizwa anamiliki nini na kinatoka wapi. Ila aliyeuliza alikuwa chama, aliyepima majibu alikuwa chama, na aliyeadhibu alikuwa chama.

Kenya mambo yalikwenda vibaya zaidi. Baada ya chama cha upinzani cha KPU kupigwa marufuku mwaka 1969, chama tawala cha KANU kikabaki peke yake uwanjani, na bila idhini yake hakuna aliyegombea. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais wa nchi hiyo, alinyimwa idhini hiyo katika uchaguzi wa 1974 na ule wa 1979. Hakuwa mwizi wala jasusi. Kosa lake lilikuwa kutofautiana na wakubwa, na neno "uaminifu" likatumika kumfungia mlango. Wapiga kura wa Nyanza, nyumbani kwake, hawakuulizwa.

Fomu za mali

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya Arusha, na mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi. Pengo lililobaki lilijazwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995. Chini yake, kiongozi anatoa tamko la mali na madeni yake kwa Sekretarieti ya Maadili anaposhika wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka. Ni hatua ya maana, ila ina kasoro mbili. Tamko linakuja mtu akishaingia ofisini, wakati mpiga kura ameshamaliza kazi yake. Na mwananchi anayetaka kuliona hukutana na masharti, wala hana uhuru wa kulitangaza gazetini.

Upekuzi wa kabla ya kura ukabaki mikononi mwa vyama. Julai 2015, jina la Edward Lowassa, waziri mkuu aliyejiuzulu mwaka 2008, lilikatwa katika vikao vya chama tawala, CCM, Dodoma kabla ya kufika Halmashauri Kuu. Akahamia Chadema, akagombea, na akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Kama vikao vile vilikuwa na hoja nzito dhidi yake, mamilioni waliompigia hawakuelezwa rasmi ni zipi.

Nguvu ya dola ya kuchimba asili ya mtu nayo ina historia yake. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia wa Tanzania. Huyu alikuwa amepata kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeitilia shaka asili yake. Shaka ilikuja akiwa mwanahabari, na gazeti la Rai, ambalo alikuwa mmoja wa waasisi wake, likiikosoa serikali.

Wakenya wajaribu kwa katiba

Jaribio kubwa kuliko yote katika ukanda huu ni la Kenya. Katiba ya Agosti 2010 ilitenga sura nzima, ya sita, kwa uongozi na uadilifu. Majaji na mahakimu walipigwa msasa na bodi maalumu iliyoongozwa na Sharad Rao, na baadhi wakapoteza kazi. Kuanzia mwishoni mwa 2013 ikawa zamu ya polisi: maofisa walikaa mbele ya makamishna wakaulizwa kuhusu akaunti za benki na hata miamala ya M-Pesa. Wateule wa uwaziri nao wakaanza kuhojiwa bungeni kuhusu mali zao.

Wanaohoji, hata hivyo, ni wabunge, na wao hawakupita kwenye msasa wa namna hiyo. Rasimu ya sheria ya uongozi na uadilifu ilikusudia mamlaka mbalimbali za serikali ziwachunguze wagombea kabla ya kuidhinishwa. Ilipopitishwa mwaka 2012 meno yake yalikuwa yameng'olewa. Kilichobaki cha maana kilikuwa fomu ambayo mgombea hujieleza mwenyewe. Waliopitisha sheria hiyo ndio waliokuwa wakijiandaa kugombea.

Mtihani ulikuja mara moja. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), na wanaharakati wakaenda mahakamani wakisema Sura ya Sita inawazuia kugombea. Februari 15, 2013, majaji watano wa Mahakama Kuu walisema suala la mgombea urais si la mahakama yao. Wiki chache baadaye wawili hao wakashinda. Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Hakuna aliyetiwa hatiani. Wapo waliosema nchi iliponea chupuchupu kuwanyima watu haki yao. Wapo waliosema Sura ya Sita ilizikwa siku ile.

Mwaka 2022 tume ya maadili, EACC, iliwasilisha kwa tume ya uchaguzi majina zaidi ya 200 ya wagombea iliyoona hawafai. Wengi mno waliidhinishwa, kwa kuwa Ibara ya 99 inasema mtu hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziishe, na rufaa Kenya huweza kuchukua miaka. Mike Sonko alishindwa kuwania ugavana wa Mombasa kwa sababu Seneti ilishamwondoa katika ugavana wa Nairobi mwaka 2020 na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Kilichomzuia ni uamuzi uliofika mwisho, si orodha ya tuhuma.

Mlango upi ulindwe

Historia hii inaonyesha hatari mbili. Kumwachia mgombea ajieleze mwenyewe ni kukaribisha waongo. Kuwapa wapelelezi au vikao vya faragha mamlaka ya kukata majina ni kurudi kwenye zama za Jaramogi, ambapo mpinzani hugeuka "mtu wa mashaka" kwa sababu tu anapinga. Sioni sababu ya kuamini kwamba mamlaka hayo yakirejeshwa leo yatatumika kwa upole zaidi.

Njia ya kati ipo. Mwaka 2017 Kanada iliunda kamati ya wabunge na maseneta ya kusimamia vyombo vya usalama, na kila mjumbe hufanyiwa upekuzi kabla ya kuonyeshwa siri. Kiti chake bungeni hakiguswi. Kinacholindwa ni jalada. Hata huko ubishi haukosekani: mwaka 2024 kiongozi wa upinzani, Pierre Poilievre, aligoma kupekuliwa akidai angefungwa mdomo. Lakini aliendelea kuwa mbunge na kuikosoa serikali kila siku.

Tanzania na Kenya zinaweza kuanzia hapo. Wajumbe wa kamati za ulinzi na usalama wapekuliwe kabla ya kukabidhiwa siri za nchi, na anayekataliwa apewe sababu na haki ya kwenda mahakamani. Tamko la mali na madeni, elimu, hukumu za nyuma na kesi zilizopo viwekwe hadharani siku mgombea anaporudisha fomu, gazeti lolote liruhusiwe kuvichapa, na anayedanganya apoteze kiti. Rufaa zinazohusu wagombea zipewe muda wa kikomo. Baada ya hapo, kukata jina iwe kazi ya mpiga kura.