Bei ya jengo hutajwa lini? Kutoka matanuru ya Mbereshi hadi reli ya TAZARA

Ziwa Mweru halikai mahali pamoja. Januari maji huwa chini kabisa, Mei hufika juu kabisa, na tofauti ya vina hivyo viwili kwa wastani ni kama mita 1.7. Anayechimba msingi karibu na ufukwe wa Nchelenge au Kashikishi, upande wa Zambia, maji yakiwa yameshuka anaweza kukuta mchanga mkavu. Shimo hilohilo likiachwa wazi mpaka Mei, huenda likawa kisima. Sasa chukua zabuni iliyofungwa Januari, bei imeshaandikwa na sahihi zimeshatiwa. Mkandarasi akishuka na majembe maji yakiwa yamepanda, ugomvi wa gharama za ziada umeanza kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Ugomvi huo ndio uliozaa utaratibu unaozungumzwa sana siku hizi na wasanifu majengo na wenye miradi: kusanifu na kujenga kwa hatua. Mwenye jengo anachagua timu moja ya msanifu na mjenzi kwa sifa na kazi walizokwisha kufanya, bila kuwataka wataje bei ya jengo zima. Hatua ya kwanza wanalipwa kupima ardhi, kuchora na kukokotoa gharama, vitabu vya hesabu vikiwa wazi mbele yake. Michoro ikikomaa, ndipo bei inapokubaliwa na ujenzi unaanza. Wasipoelewana, mwenye jengo analipa kazi iliyofanyika, anachukua michoro yake na kutafuta mjenzi mwingine. Uwanja wa ndege wa San Francisco ulijenga upya jengo lake la abiria namba 1 kwa njia hii, na milango ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2019. Mwaka 2022 jimbo la California likapitisha sheria ya kuiruhusu kwa miradi mikubwa ya maji. Wamarekani wanaiona mpya. Kwa upande wetu wa dunia, ina wazee wake.

Kusini mwa Nchelenge, jirani na makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kuna Mbereshi, ambako London Missionary Society ilifungua kituo mwaka 1900. Mabel Shaw alifika huko mwaka 1915 na kuanzisha shule ya bweni ya wasichana. Katika vituo vya aina hiyo msanifu hakuwapo. Mmisionari mwenye mkono wa ufundi alichora, akasimamia, na pengine akashika mwiko mwenyewe. Udongo ulichimbwa jirani, ukakanyagwa, ukatiwa kwenye kalibu, matofali yakaanikwa, kisha yakapangwa kuwa tanuru na kuchomwa kwa kuni. Tofali likitoka bichi, ukuta ulisubiri. Ng'ambo ya kusini-mashariki, Blantyre nchini Malawi, mchungaji David Clement Scott alijenga kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote kati ya mwaka 1888 na 1891 bila kusomea usanifu, na kuta zake zimesimama hadi leo. Nisisifu kupita kiasi: vibarua wengi waliochoma matofali hayo hawakuandikwa popote, na gharama ilikuwa nafuu kwa sababu jasho lao lilikuwa rahisi. Ila mchoraji alikuwa anaikanyaga ardhi aliyoichorea.

Mtengano uliletwa na taaluma zenyewe. Chama cha wasanifu wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1834, cha Marekani mwaka 1857, na desturi ikawa msanifu asiwe mfanyabiashara wa ujenzi. Marekani maadili ya chama yaliwazuia wanachama kufanya ukandarasi hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hoja yao ilikuwa na maana: mtu huyohuyo akichora, akijenga na kujihesabia malipo, nani atamlinda mwenye mali? Serikali za kikoloni zilikuja na idara zao za kazi za umma, na baada ya uhuru tukaurithi mtindo uleule: michoro kwanza, zabuni baadaye, wa bei ya chini apewe kazi. Jengo linaweza kuchorwa Lusaka na mtu asiyewahi kuuona Mweru.

Mfano ulio karibu zaidi na utaratibu huu mpya, kwa maoni yangu, si jengo hata kidogo. Ni reli ya TAZARA.

Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walisema reli ya kuunganisha Zambia na Dar es Salaam haitalipa. Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zikatia sahihi mkataba mjini Beijing wa kuijenga, na kiasi cha mkopo kikaachwa wazi. Mwaka 1968 wapimaji wa Kichina waliingia porini. Walipima, wakachora, wakakutana na bonde la Kilombero na miteremko kati ya Mlimba na Makambako, ambako kipande kimoja tu kilidai madaraja na mahandaki kwa makumi. Baada ya kazi hiyo, Julai 1970, pande tatu zilikaa tena na kukubaliana mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Oktoba mwaka huohuo ujenzi ukazinduliwa Dar es Salaam, na siku chache baadaye Kapiri Mposhi, upande wa Zambia. Kilomita 1,860 zilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Waliopima ndio waliochora na ndio waliojenga, na fedha zikatajwa ardhi ikiwa imeshajulikana. Kilichokosekana ni mlango wa kutokea. Tanzania na Zambia hazikuwa na mjenzi mwingine wa kumkimbilia, na Rhodesia, chini ya serikali ya walowezi ya Ian Smith, ilikuwa imekalia njia ya kusini ya Zambia kwenda baharini. Katika hali hiyo huwezi kubishana sana juu ya bei.

Dunia ya mikataba ilifuata njia nyingine kwanza. Mwaka 1999 shirikisho la wahandisi washauri, FIDIC, lilitoa Kitabu cha Njano kwa kazi za kusanifu na kujenga, na cha rangi ya Fedha, kinachombebesha mkandarasi karibu hatari zote, ya ardhi ikiwemo. Mwenye mradi hulala usingizi, lakini ameshaulipia: mkandarasi mwenye akili huutia mchanga asiouona ndani ya bei yake, na usipoleta shida fedha hairudi.

Kwa Nchelenge jambo hili limekuwa la karibu tangu mwaka 2022, mfuko wa maendeleo ya jimbo ulipopandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo la uchaguzi la Zambia. Halmashauri sasa ni mwenye jengo kwelikweli. Kwa madarasa matatu yenye michoro ya kawaida ya serikali, hatua mbili ni mzigo wa bure. Zabuni ya kawaida inatosha. Soko la samaki, gati au wodi kubwa karibu na maji ni habari nyingine. Hapo ugumu ni wa watu: vitabu vya mjenzi vikifunguliwa, lazima upande wa halmashauri akae mkadiriaji majenzi asiye na deni kwake, anayejua bei ya saruji ikifika Kashikishi kwa lori na bei yake dukani Mansa. Mshahara wa mtu huyo haumo katika bajeti ya matofali na mabati, kwa hiyo atengewe fungu lake kabla timu haijachaguliwa.