Kura Iliyokuwa Amana

Mtu asimamaye katika mstari wa kituo cha kupigia kura, jua likimchoma utosini, hudhani kuwa amengoja sana. Lakini katika nchi yetu wapo waliongoja miaka.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Serikali ya kikoloni haikuwafungia watu mlango kwa kufuli, bali kwa masharti. Mpiga kura alitakiwa awe ametimiza miaka 21, na tena awe na elimu ya darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Zaidi ya hayo, alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 9, lakini walioandikishwa hawakufika 60,000. Wakulima, wachukuzi, na akina mama waliojaza mikutano ya TANU kwa wito wa Bibi Titi Mohamed, wengi wao walibaki nje.

Ndiyo maana Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikuwa mzito. Waliotaka kususia hawakuwa wapuuzi. Waliona kuwa kuikubali kura tatu ni kukubali kudharauliwa. Mwalimu Julius Nyerere aliwasihi washiriki, wasije wakawaachia wengine viti. Hoja yake ilishinda. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitenga na kuunda chama chake. Uchaguzi ulipofika, TANU na wale iliowaunga mkono walipata ushindi mkubwa.

Twausifu, kwa haki, uamuzi wa Tabora. Lakini tusiwasahau waliokubali kungoja nje. Kwao kura ya wachache ilikuwa amana, na desturi zetu zafundisha kuwa amana hutunzwa kuliko mali yako mwenyewe, kisha hurudishwa kwa mwenyewe. Ilirudishwa Novemba 1962, watu wazima wote walipomchagua Rais. Nyerere na Mtemvu walishindana, na kura zilizidi milioni moja. Leo Katiba ya mwaka 1977 humpa haki hiyo kila raia aliyetimiza miaka 18.

Basi mtumishi wa kituo amwonapo bibi kizee aliyechoka mstarini, asimpuuze wala asimrudishe nyumbani kwa neno jepesi. Huyo hakuja kuomba hisani. Amekuja kuchukua amana yake.