Makadirio ya ajira: yasome kabla hujalipa ada

Juzi nilikuwa kafe hapa Mikocheni, dogo wa kompyuta ya jirani akanigeuzia skrini: "Kaka, hebu cheki hii." Tangazo la kozi ya mafuta na gesi, ajira nje nje, mwisho wa kulipa Ijumaa. Ada yenyewe ni mgao wa kikoba wa mama yake, wote.

Sikucheka. Mwaka 2013 mie niliuza pikipiki nikalipia kozi ya aina hiyo hiyo. Cheti kipo kabatini mpaka leo. Basi leo tuelezane haya makadirio ya ajira ni nini na yanasomwaje.

Makadirio ni hesabu ya kazi zitakazokuwepo miaka ijayo: ngapi, za aina gani, mkoa gani. Yanasimama juu ya vitu vitatu: idadi ya watu (sensa), nani anafanya kazi gani sasa (Utafiti wa Nguvu Kazi wa NBS, kama ule wa 2014 na wa 2020/21), na dhana kuhusu uchumi na miradi inayokuja. Kimoja kikiyumba, hesabu nzima inayumba.

Si jambo geni kwetu. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980. Serikali ikahesabu wanaohitajika, ikapanga nafasi za masomo kwa hesabu hiyo, na mhitimu wa chuo kikuu akapangiwa kazi. Hakuna kuzunguka na bahasha! Lakini upande wa pili, nafasi za sekondari zilibaki chache kwa miaka mingi, mpaka MMES ya 2004 ilipoleta wimbi la shule za kata. Hesabu iliangalia zaidi kazi za kuajiriwa, na waliobaki nje ya hesabu walibaki nje ya darasa.

Turudi kwenye gesi. Kuanzia 2010 ikagunduliwa nyingi kwenye bahari kuu ya kusini. Vyuo vikafungua kozi. Bomba la Mtwara hadi Dar likakamilika 2015. Ajira nyingi zilizotajwa zilitegemea kiwanda cha kusindika gesi kule Lindi, na hadi 2024 uamuzi wa mwisho wa kukijenga ulikuwa haujatoka. Makadirio yalisema "kiwanda kikijengwa". Sie tukasoma "kiwanda kinajengwa". Neno moja, pikipiki ikaenda.

Kwa hiyo ukikutana na takwimu za ajira, zihoji hivi:

1. Ni makadirio au ahadi? Ajira milioni 1 za kampeni ya 2005 na milioni 8 za ilani ya 2020 zilikuwa malengo ya kisiasa. Lengo ni kile mtu anachotaka kifike, makadirio ni kile hesabu inaona kitafika.

2. Yanategemea nini kitokee? Tafuta neno "kama" au "iwapo". Mara nyingi limefichwa kurasa za ndani.

3. Ni kazi za kujenga au za kuendesha? Bomba likishalazwa, wachomeleaji wengi wanafunga mabegi.

4. Asilimia ya ngapi? Kazi 10 zikiwa 20, zimekua kwa asilimia 100. Kazi 100,000 zikikua kwa asilimia 5 tu, ni nafasi mpya 5,000. Ongeza na za wanaostaafu.

5. Mkoa gani? Hapa wengi wetu tunalala. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar ilitoka watu milioni 4.36 ikafika milioni 5.38. Pwani ilitoka kama milioni 1.1 ikafika milioni 2.02, karibu mara mbili! Watu hao wanahitaji nyumba, maji, umeme, zahanati. Fundi umeme anayesubiri kazi Mikocheni tu anaipa kisogo Kibaha na Mkuranga.

Na ushauri wangu: makadirio yakiwa na wasiwasi, chagua ufundi unaovuka sekta. Anayejua kuchomelea vizuri anafaa kwenye gesi, kiwandani, kwenye matela ya malori na kwenye mageti ya mtaani. Mradi ukichelewa, yeye halali njaa.

Yule dogo sikumwambia aache. Nilimwandikia maswali hayo kwenye karatasi, na la sita nikaongeza: waliomaliza kozi hii mwaka juzi wako wapi? Akasema atawapigia chuo kabla ya Ijumaa. Sijui watamjibu nini, ila hela ya kikoba bado iko kwa mama.

Mwenye uzoefu wake amwage hapo chini, msinyime wadogo zenu.