Seremala wa Kilwa yuko wapi?

Jamani, kila anayeandika habari za Kilwa Kisiwani anaandika mawe. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Gereza, matumbawe na chokaa. Hata UNESCO mwaka 1981 walichoingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia ni magofu. Leo mimi namuulizia seremala.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Akaandika kwamba mji ni mzuri mno, umejengwa kwa mbao na mapaa yake ni ya majani. Wasomi wamekuna vichwa: mbona sisi tunaona mawe tu? Mimi naona hakuna ajabu. Mawe yalikuwa ya wakubwa. Watu wengi waliishi kwenye miti, na miti imeoza.

Halafu, mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa akaja na sifa zake. Nyumba za mawe, sawa. Lakini akasifu pia milango ya mbao, nakshi zake na jinsi ilivyoungwa kwa ustadi. Kumbuka Wareno wenzake chini ya Francisco de Almeida waliupora mji huu mwaka 1505!

Kuungwa vipi? Hakueleza. Ila fremu za milango ya zamani ya pwani yetu huungwa kwa tundu na ulimi, na kazi hiyo ipo mpaka leo. Pale Kilwa Masoko fundi mmoja mzee alinionyesha. Alipima kwa guniya, akagawa unene wa mbao mara tatu. Theluthi ya kati ndiyo ulimi. "Tundu kwanza, mwanangu," akaniambia. Ulimi unaweza kuupunguza kidogo kidogo ukaingia, lakini tundu likishapanuka hulirudishi. Akatoboa kwa keekee, akachonga kwa patasi upande huu hadi nusu, akageuza mbao akamalizia upande wa pili ili isipasuke. Msumeno ukatoa ulimi. Mwisho kigingi cha mti. Msumari hakuna, maana hewa ya bahari huula chuma.

Milango yenyewe haikuwa na bawaba. Ubao wa mlango ulichongwa ncha juu na chini, zikazunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Ni tundu na ulimi uleule, ila huu unacheza!

Sasa ukienda kwenye magofu, angalia kuta kwa juu. Utaona matundu yamejipanga. Humo zililala boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti hazikuwa ndefu, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Yaani mwashi alijenga kwa kipimo cha mti.

Waongoza wageni, nawaomba, mkifika hapo simameni kidogo muwaonyeshe watu hayo matundu.