Onyo la diski: si joto peke yake

KINDU – Katika sekretaria za mjini, kompyuta moja huweza kubeba hati za mtaa mzima: diploma za Serikali, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za viwanja. Kwa familia iliyokimbia vita bila mzigo, nakala iliyo ndani ya diski pengine ndiyo pekee iliyobaki. Basi onyo likitokea kwenye kioo, mwenye mashine huwaza joto kwanza. Feni inaletwa, dirisha linafunguliwa.

Diski ya kwanza ya kompyuta, ya IBM, ilitoka mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito karibu tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Kwa miaka mingi diski zilikufa bila kuaga. Mwaka 1992 IBM ilileta diski zenye kujipima na kutoa onyo. Compaq ikafuata mwaka 1995, kisha viwanda vikakubaliana juu ya mfumo mmoja, SMART.

Mfumo huo umewachanganya wengi, kwa sababu ripoti yake ina namba za aina mbili. Ya kwanza ni alama, kama za shuleni: mara nyingi huanza 100 na kushuka diski ikichoka, na ikigusa kikomo cha kiwanda onyo linatoka. Ya pili ni hesabu yenyewe. Mtu akiona 64 kwenye mstari wa joto anaweza kudhani diski inaungua, kumbe katika diski nyingine hiyo ni alama tu, na joto lenyewe, nyuzi 36, limeandikwa pembeni. Kikomo cha viwanda vingi ni karibu nyuzi 60.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Joto lilionekana kuziua kidogo kuliko ilivyoaminiwa, isipokuwa likizidi sana, hasa kwa diski zilizozeeka. (Vyumba vyao, ni kweli, si chumba cha mabati cha Kindu saa nane mchana.) Kilichotisha ni sahani zenyewe kuharibika: baada ya kosa la kwanza katika ukaguzi wa sahani, hatari ya diski kufa ndani ya siku 60 ilikuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa.

Katika ripoti, mistari ya kutazama ni 5, sehemu mbovu zilizohamishwa, na 197, zile zinazosubiri. Hesabu ikitoka kwenye sifuri na kuendelea kupanda, feni haisaidii kitu. Hati zinakiliwe siku hiyo hiyo, kabla ya kujaribu programu yoyote ya kutengeneza.

Lakini uchunguzi ule ule ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kubwa. Kwa hiyo hata ripoti ikiwa safi, nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, ilale nyumba nyingine, na karatasi yenyewe irudi mikononi mwa mwenyewe.